Kichujio Kinachojichora Chenyewe: Kuona Vitu Vinavyopitisha Mwanga kwa Leza, Lenzi Nne na Umbijani wa Kisamvu

Utando mwembamba unaobanduka kati ya maganda ya ndani ya kitunguu, ukitandazwa ndani ya tone la maji juu ya kioo, karibu hauonekani. Mwanga huupita karibu wote bila kupungua, na kinachobadilika ni wakati tu, kwa kuwa wimbi lililopita penye ukuta wa seli hutoka limechelewa kidogo kuliko lile lililopita pembeni yake. Kuchelewa huko ndiko kunakoitwa tofauti ya awamu, na jicho la mtu halikuoni, wala kamera haikuoni. Walimu wengi wa sayansi huku Mtwara tunalikwepa tatizo hili kwa kutia iodini, na kwa kitunguu iodini inafaa kabisa, lakini viumbe wadogo tunaowachota kwenye ghuba ya Mikindani hufa kabla wanafunzi hawajawaona wakiogelea.

Njia ya kugeuza tofauti ya awamu kuwa tofauti ya weusi na weupe ilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwa mwanafizikia wa Uholanzi, Frits Zernike wa Groningen, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1953 kwa kazi hiyo. Aligundua kwamba mwanga unaotoka kwenye kitu cha namna hii una sehemu mbili: mwanga ulionyooka, ambao haukuguswa na kitu, na mwanga uliopindwa na kitu, ambao ni dhaifu na uko nyuma ya ule wa kwanza kwa robo ya wimbi. Sehemu hizo zikikutana tena kwenye picha, tofauti hiyo ya robo wimbi huzizuia kuongezana au kupunguzana, na kitu hubaki kimefichika. Zernike aliweka kwenye njia ya mwanga ulionyooka kibamba kidogo cha kuusogeza kwa robo ya wimbi, na papo hapo sehemu hizo mbili zikaanza kupunguzana na kitu kikajitokeza.

Ugumu wa njia hiyo upo kwenye kukilenga kibamba. Lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 200, ikipokea mwanga mwekundu wa nanomita 650 wenye upana wa milimita 10, hukusanya mwanga ulionyooka kwenye nukta yenye kipenyo cha mikromita 32 hivi, ambayo ni nyembamba kuliko unywele wa kawaida. Kibamba lazima kiikalie nukta hiyo barabara. Sisi tusio na karakana ya vyombo vya usahihi hatuwezi kukitengeneza, na hata tukikipata, meza ya mbao inayotikiswa na hatua za wanafunzi haiwezi kukishikilia mahali pake.

Hapo ndipo zinapofaa maada zisizo za mstari, yaani zile ambazo kipimo chake cha mpindo (namba inayoonyesha jinsi maada inavyopunguza mwendo wa mwanga) hubadilika kadiri mwanga unavyozidi kuwa mkali. Mwanga ulionyooka umesongamana kwenye nukta moja na ni mkali sana, ilhali ule uliopindwa umetawanyika pembeni na ni hafifu. Ukiweka maada hiyo kwenye fokasi, yaani pale lenzi inapoikusanya miale, mwanga ulionyooka utaibadilisha maada pale ulipoangukia na utajisogeza awamu wenyewe, na ule uliopindwa utapita bila kuguswa. Nukta ikihama kwa nusu milimita, kichujio, yaani sehemu hiyo ya maada iliyobadilishwa na mwanga, kinahama nayo. Kazi ngumu kuliko zote, yaani kulenga, inafanywa na mwanga, na hilo ndilo lililonifanya niamini kwamba kazi hii inaweza kufanyika katika chumba cha kawaida cha maabara ya sekondari.

Kuchagua maada

Usianze na kioo kitupu. Ni kweli kwamba kioo nacho hubadilika kwa mwanga mkali, na badiliko la namna hiyo hubeba jina la mwanafizikia John Kerr, aliyegundua mwaka 1875 kwamba umeme hubadilisha namna kioo kinavyopitisha mwanga. Lakini badiliko la kioo ni dogo mno: kwa leza ya miliwati moja iliyokusanywa kwenye nukta tuliyoitaja, ukali wake unapungukiwa kwa zaidi ya mara bilioni moja ili kupata robo ya wimbi ndani ya milimita moja ya kioo. Njia hiyo ni ya wenye leza za mapigo mafupi yenye nguvu kubwa.

Kinachotufaa sisi ni joto. Kimiminika chenye rangi kikifyonza sehemu ya mwanga hupata joto pale penye nukta, hutanuka kidogo, na kipimo chake cha mpindo hushuka. Kwa ethanoli, kipimo hicho hushuka kwa 0.0004 hivi kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Ili kupata robo ya wimbi katika unene wa milimita 1, badiliko linalotakiwa ni urefu wa wimbi ugawanywe kwa mara nne ya unene huo, yaani karibu 0.00016. Maana yake ni kwamba joto la nukta linatakiwa lizidi la jirani zake kwa nyuzi 0.4 tu. Nilipolifanya hesabu hili mara ya kwanza nililirudia mara tatu, kwa sababu sikutegemea kwamba chini ya nusu nyuzi ingetosha. Nguvu ya mwanga inayohitaji kufyonzwa ni kati ya miliwati 0.2 na 0.3, kiasi ambacho leza ndogo ya kuelekezea hukitoa.

Rangi lazima ilingane na leza. Kwa leza nyekundu ya nanomita 650, methilini buluu ya maabara inafaa sana, maana ufyonzaji wake mkubwa uko karibu na nanomita 664. Mimi hutumia umbijani (klorofili, rangi ya kijani ya mimea) wa majani ya muhogo, ambao hufyonza mwanga mwekundu katika eneo hilohilo na haukosekani Mtwara wala Lindi. Chuma majani machache machanga, yaponde kwenye kinu bila maji, yaloweke ndani ya spiriti yenye ethanoli nyingi kadiri utakavyoipata kwa nusu saa gizani, kisha chuja kwa kitambaa na baadaye kwa karatasi ya kuchujia mara mbili. Utapata maji ya kijani kibichi yaliyokoza, na ukiyamulika kwa leza ya buluu utaona yaking'aa wekundu wa damu, ishara kwamba umbijani bado ni mzima. Spiriti ya duka la dawa yenye asilimia 70 inafanya kazi, ila maji yaliyomo hupunguza nguvu ya kichujio, kwa kuwa kipimo cha mpindo cha maji hubadilika kwa joto kidogo kuliko cha ethanoli. Mafuta ya alizeti nayo hupokea umbijani, hayakauki kwa joto letu, na kwa uzito wake hayazungukizunguki ndani ya kisanduku cha kioo tutakachokitengeneza. Kwa kazi ya siku nyingi ningeshauri mafuta.

Kisanduku cha kioo

Chukua vioo viwili vya hadubini, ambavyo kwa kawaida vina unene wa milimita 1 hivi, na kioo cha tatu kikate vipande vyembamba vya kutenganishia. Panga vipande hivyo pande tatu, funika kwa kioo cha pili, na uzibe kingo kwa silikoni ya kutengenezea matangi ya samaki. Kisanduku changu cha kwanza nilikiziba kwa gundi ya moto. Asubuhi yake spiriti ilikuwa imepenya, gundi imebanduka yenyewe, na meza imegeuka kijani. Silikoni iache siku nzima ikauke ndipo ujaze kwa sindano ya hospitali, na mwisho uzibe tundu la kujazia.

Unene wa milimita 1 una sababu zake. Mwanga uliokusanywa kwa lenzi yetu hubaki mwembamba kwa urefu wa karibu milimita moja tu, hivyo kisanduku kinene zaidi kitafyonza mwanga mahali ambapo nukta imeshapanuka. Aidha, vioo vya pande mbili hunyonya joto linalosambaa na huzuia kimiminika kisianze kuzunguka kuelekea juu.

Kipime kabla ya kukitumia. Chukua seli ndogo ya jua kutoka kwenye kikokotoo kilichokufa, iunganishe na multimeta iliyowekwa kwenye mikroampea, na usome mkondo leza inapopita kwenye kisanduku chenye spiriti tupu, kisha kwenye kisanduku chenye umbijani. Somo la pili likiwa kati ya asilimia 70 na 80 ya lile la kwanza, rangi iko sawa. Likiwa chini ya hapo, punguza ukolezi. Usidanganyike kwamba kijani kilichokoza zaidi ndicho bora, maana kinakula mwanga uliopindwa pia, nao ndio unaobeba habari za kitu.

Usalama

Leza isizidi miliwati 5. Iwe chini ya usawa wa macho ya kila aliyemo, pamoja na wanafunzi waliokaa, na mtu yeyote asitazame ndani ya mstari wa lenzi kwa jicho; picha itazamwe kwenye karatasi au kamera. Vua saa na pete. Nasisitiza leza nyekundu kwa sababu leza nyingi za kijani za bei nafuu hutoa pia mwanga usioonekana ambao jicho haliwezi kuukwepa. Chupa ya spiriti iwekwe mbali na moto wa aina yoyote.

Kupanga lenzi

Pima urefu wa fokasi wa kila lenzi kwa kuonyesha sura ya mnazi ulio mbali nje ya dirisha juu ya ukuta mweupe. Umbali kutoka lenzi hadi sura iliyo kali ndio urefu wenyewe. Utahitaji lenzi ya milimita 20 hivi, ya 100, ya 200 na ya 400. Mbili za kwanza hupanua mwanga: ziweke umbali wa milimita 120 kati yao, na mwanga wa leza wa milimita 3 utatoka ukiwa karibu 15. Uhakikishe kuwa miale ni sambamba kwa kupima upana wake karibu na lenzi na tena mwisho wa chumba. Kisha upitishe kwenye tundu la milimita 10 lililotobolewa kwenye kadi nyeusi.

Baada ya tundu huja kitu kinachotazamwa. Milimita 200 mbele yake ni lenzi ya 200. Milimita 200 nyingine mbele ni mahali pa kichujio. Milimita 400 kutoka hapo ni lenzi ya 400. Na milimita 400 za mwisho hufika kwenye kamera ya kompyuta iliyotolewa lenzi yake. Picha hukuzwa mara mbili. Mpango mzima huenea kwenye ubao wa mita 1.8, na wangu ni wa mninga uliolazwa juu ya mipira ya ndani ya baiskeli iliyojazwa upepo nusu, ili mitikisiko ya sakafu isifike juu.

Sasa hatua ambayo ningeomba isirukwe. Kitu chenye tofauti za awamu, kisipokuwa kwenye fokasi kamili, huonekana chenyewe bila kichujio chochote, na wengi hudhani wamefaulu kumbe wameona ukungu wa lenzi. Kwa hiyo anza na kitu cheusi, kwa mfano unywele uliobandikwa kwenye kioo, na usogeze kamera hadi kingo zake ziwe kali kabisa. Ndipo uuondoe unywele na kuweka utando wa kitunguu mahali palepale, ukiwa ndani ya maji na umefunikwa kwa kioo chembamba. Seli zikififia karibu zisionekane, mpango wako ni sahihi.

Kupata fokasi ya kichujio kuna njia nyepesi. Bandika utepe wa gundi wenye ukungu kwenye kipande cha kioo, kipitishe polepole huku na huko karibu na mahali panapotarajiwa, na utazame chembechembe za mwanga zinazocheza kwenye ukuta wa mbele. Kadiri nukta inavyokuwa ndogo, chembechembe hizo zinakuwa kubwa. Zinapofikia ukubwa wa mwisho, weka alama kwa penseli kwenye ubao, ondoa kioo, na usimamishe kisanduku cha umbijani hapo.

Wakati wa kuona

Funika leza kwa kadi, anza kurekodi, kisha ondoa kadi kwa ghafla. Katika sehemu ya kwanza kabisa ya sekunde picha huwa tupu, halafu kuta za seli huibuka polepole kutoka kwenye wekundu mtupu, mistari myeusi inayokutana kwenye pembe kama matofali yaliyojengwa kwa kupishana, na ndani ya sekunde moja hivi picha hutulia. Penye kuchelewa zaidi huwa peusi zaidi, kwa sababu joto hushusha kipimo cha mpindo na hivyo mwanga ulionyooka hutangulizwa. Wanafunzi wangu waliomba kadi irudishwe na kuondolewa tena mara nyingi kuliko ninavyokumbuka.

Ukubwa wa badiliko unaweza kukadiriwa. Kitu kinachochelewesha mwanga kwa radiani 0.2, yaani karibu sehemu ya thelathini ya wimbi, hakibadilishi mwangaza wa picha bila kichujio, lakini kichujio kikifikia robo kamili ya wimbi, badiliko hilo hukaribia mara mbili ya awamu, yaani asilimia 40. Kanuni hii ni ya awamu ndogo. Kitu kinene, kwa mfano tone la gundi kavu, huleta mistari inayogeukageuka kuwa myeusi na myeupe, na hapo picha isisomwe kama ramani ya unene.

Lazima uthibitishe kwamba unachokiona kinatokana na maada isiyo ya mstari. Weka kioo cha miwani ya jua mara tu baada ya leza, kisha uongeze muda wa kamera hadi mwangaza wa picha urudi kama awali. Kama kichujio kingekuwa kibamba cha kawaida, picha isingebadilika. Hapa kuta za seli zitafifia, kwa kuwa joto kwenye nukta limepungua. Jaribio la pili ni kukisogeza kisanduku pembeni kwa milimita mbili: picha itapotea kwa muda mfupi na kurudi ileile, maana mwanga umejichorea kichujio kipya.

Mambo yatakayokusumbua

Kubwa kuliko yote ni kusambaa kwa joto. Nukta ina mikromita 32, lakini joto lake hufika karibu nusu milimita kabla ya kunyonywa na vioo, na sehemu ya mwanga uliopindwa na maumbo mapana nayo huangukia humo na kusogezwa pamoja. Kwa lenzi ya milimita 200, maumbo yanayozidi robo milimita ndiyo yanayoathirika: kingo zake huonekana vizuri na kuzungukwa na ukungu mweupe, lakini katikati hurudi kuwa na mwangaza wa kawaida. Tiba ni kuchagua fremu za mapema kwenye rekodi. Katika sehemu ya ishirini ya sekunde joto limesambaa kwa milimita 0.13 hivi tu, ilhali badiliko la awamu limeshakuwa la kutosha. Tangu nilipoanza kuchukua fremu hizo, nimeacha kabisa kutumia picha iliyotulia.

Picha ikivutwa kuelekea upande mmoja, kimiminika kimeanza kuzunguka. Punguza nguvu au tumia mafuta. Ikipumua, yaani kufifia na kurudi, chunguza umeme wa leza. Huku kwetu umeme hupanda na kushuka, na kichujio kinachotegemea nguvu ya mwanga hulisema hilo waziwazi, hivyo leza yangu huiendesha kwa betri. Msimu wa korosho, vumbi la barabarani huingia kila mahali, na kila chembe iliyo kwenye lenzi huzungukwa na duara kadhaa kwenye picha. Funika lenzi kwa kitambaa safi, na uzifute kwa spiriti kidogo kwa sababu upepo wa bahari huziachia chumvi. Fanya kazi alfajiri, kabla paa la bati halijapata joto na kuanza kuchezesha hewa juu ya meza.

Atakayetaka kuendelea anaweza kujaribu maada nyingine. Ile inayozidi kuwa giza kadiri mwanga unavyozidi ukali hupunguza mwanga ulionyooka na kufanya vitu ving'ae juu ya giza, na ni nzuri kwa vitu hafifu sana. Bakteriorodopsini, protini ya zambarau inayofyonza zaidi mwanga wa nanomita 570 hivi, imetumika kwenye maabara kwa vichujio vya aina hii, na viumbe vinavyoitengeneza huishi kwenye maji ya chumvi kali ya namna inayopatikana katika mashamba ya chumvi ya pwani. Kuitoa na kuisafisha kunahitaji maabara ya biokemia, lakini wazo kwamba maada bora za kazi hii huota kwenye maji tunayoyapita njiani kuelekea Lindi limekaa nami kwa muda mrefu.

Ukimaliza, andika tarehe kwenye kona ya kisanduku kwa penseli ya nta na ukihifadhi ndani ya bati gizani. Mwanga wa mchana huugeuza umbijani kuwa rangi ya zeituni iliyochakaa ndani ya siku chache, na somo la seli ya jua litakuonyesha badiliko hilo kabla jicho halijaliona. Somo likipanda juu ya asilimia 85 ya lile la spiriti tupu, mwaga, suuza mara mbili kwa spiriti, na uponde majani mengine.